Ukumbi Ulioandikwa Josho

Chini ya kitanda chake Meneja aliweka mifuko miwili ya saruji, na kila Ijumaa aliivuta nje, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Ilikuwa saruji ya kaburi lake. Miaka ile ya foleni saruji ilipatikana kwa kujuana, na Meneja alikuwa amezika marafiki watatu chini ya udongo mtupu, mvua ikaja, makaburi yakatitia. Yeye aliapa hatatitia. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Meneja, alilala juu ya mifuko ile miaka minne bila kunung'unika, isipokuwa siku moja vumbi la saruji lilipoingia kwenye unga wa muhogo na ugali ukaganda kabla haujafika mezani.

Tulimwita Meneja kwa kuwa alikuwa na ukumbi wa dansi hapa Bunda, jirani na barabara iendayo Musoma: matofali ya kuchoma, bati, jukwaa la mbao, mlango mmoja. Mimi nilimpigia tumba kwa miaka tisa. Siku za kazi nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumapili alasiri nilikuwa mwanamuziki. Meneja hakumwita mpigaji yeyote kwa jina lake. Mimi nilikuwa Tumba. Mpiga besi, bwana mmoja mzito wa maneno, alikuwa Gitaa Nene. Mwimbaji wetu, kijana mrefu kutoka Kibara aliyekuwa na sauti ya kuwafanya wake za watu watafute leso, aliitwa Mdomo. "Mdomo amefika?" Meneja aliuliza kila Jumapili mlangoni. "Bila Mdomo mimi sifungui."

Muziki wenyewe alikuwa haujui hata wa kupiga mluzi. Alikaa kiti cha mbele, akapiga makofi pale tu ambapo mdundo haupo, tena kwa uhakika wa mtu anayepigilia msumari. Gitaa Nene alipiga akiwa amefumba macho ili asimwone, maana akimwona alipotea. Siku moja nilimwuliza ilikuwaje mtu kama yeye akajenga ukumbi wa dansi.

"Watu walikuwa wanachezeaga kwenye vumbi," akanijibu. "Niliona siyo heshima."

Hilo neno heshima alilipenda kuliko chakula. Dansi letu lilianza saa nane kamili, awepo mtu asiwepo. Jumapili moja mvua ilinyesha ya kubomoa nyumba, na ukumbini alikuwepo yeye peke yake. Tulidhani atatuambia twende zetu. Alitazama saa yake, akaketi, akatunyoshea kidole tuanze. Tukampigia nyimbo zote, na mapumziko ya katikati tukayachukua kama kawaida. Mwisho alisimama akatushukuru kwa niaba ya wahudhuriaji.

Na kama heshima ilikuwa chakula chake, kanuni zilikuwa chumvi. Watu wa kawaida wakipewa amri na serikali huitafutia upenyo. Meneja aliitimiza mpaka ikageuka kituko. Serikali iliposema kila mwenye eneo apande miti, yeye alipanda mpaka mlangoni, tukawa tunaingiza ngoma kwa kuzipitisha kati ya miarobaini. "Ukiambiwa fanya," alisema, "fanya mpaka aliyekuambia aone haya." Nilimcheka sana kwa msemo huo, na bado namcheka. Lakini ndio uliotuokoa mwaka wa kipindupindu.

Kipindupindu kilikuja kwa njia ya ziwa, kikashuka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, pamoja na dagaa, kikapanda barabara. Sitaki kukifanyia mzaha chenyewe. Mdomo alimzika shangazi yake kule Kibara bila kuruhusiwa kumgusa, na alipoimba tena sauti yake ilikuwa imepungua kitu ambacho hakikurudi. Masoko yalifungwa, pombe zikamwagwa, ngoma zikapigwa marufuku. Ukumbi nao ukafungwa kwa kufuli, na Meneja akawa analifuta vumbi lile kufuli kila asubuhi.

Miezi ikapita. Ugonjwa ulipoanza kulegea, barua ililetwa na tarishi. Ilisema kwamba maghala ya pamba hayatoshi, na jengo lolote kubwa lisilokuwa na kazi litachukuliwa kuwa ghala msimu wa kununua pamba utakapofunguliwa. Msimu ulikuwa majuma sita mbele. Meneja aliisoma barua kwa sauti mbele yetu, akaikunja mara nne.

"Jengo lisilokuwa na kazi," akasema. "Kwa hiyo tunalipatia kazi."

Akadandia lori la pamba hadi Musoma kwa wakubwa wa afya. Siku ya tatu alirudi, suti yake nyeupe kwa nyuzi za pamba, mkononi karatasi yenye masharti tisa. Alikuwa na furaha mtu yule! Masharti tisa kwake yalikuwa kama sikukuu. Mengine tuliyatarajia: maji ya kunywa yachemshwe, chakula kisiuzwe, sabuni iwepo. Sabuni madukani haikuwepo hata ya dawa, kwa hiyo Mama Meneja alipita jikoni kwa jikoni akikusanya majivu, na mlangoni tukaweka pipa la majivu na maji, tena majivu yaliyochekechwa, maana Meneja alisema mgeni hanawi kwa mkaa.

Sharti la nne lilisema wacheza dansi wasigusane. Meneja alichukua ringi ya baiskeli na chokaa akapiga miduara sakafuni, mmoja kwa kila mtu, na kati ya mduara na mduara akaacha hatua mbili. Mke na mume je? "Wakagusane nyumbani," akasema. Sharti la tano ndilo lililotuumiza sisi. Ilikuwa desturi, na sijui kama vijana wa leo wanaijua vizuri, kwamba wimbo ukimkuna mtu huinuka, akacheza mpaka jukwaani, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, ikashikwa na jasho. Bwana Afya, yule aliyeandika masharti kule Musoma, alisema hakuna tena kubandikana. Mdomo alitaka kulia. Meneja akachonga ufito mrefu, akaupasua ncha, na mtu aliyekunwa na wimbo alibana noti yake pale, akamnyoshea mwimbaji kwa mbali kama anayemlisha mnyama mkali. Tulifanya mazoezi wiki nzima. Mdomo alichomwa jicho mara mbili.

Halafu Meneja, kwa hiari yake, aliongeza sharti la kumi: kila wimbo utaje maji ya kuchemsha. Tulikuwa na wimbo wa mapenzi, wa pole pole, uliopendwa mpaka Butiama. Mdomo alilazimika kuimba, "Mpenzi rudi, moyo wangu unawaka," kisha sisi wote nyuma kumwitikia, "Na sufuria je? Imechemka?" Kumbe watu waliupenda kuliko zamani.

Sharti la tisa lilisema: mlangoni pawe na karai la dawa, kila anayeingia akanyage humo. Karai moja. Lakini Bunda nzima hapakuwa na karai la kuuzwa, na lile la Mama Meneja lilikuwa limetoboka. Meneja alizunguka siku mbili. Jioni ya pili nilimkuta amekaa kitandani, mifuko yote miwili ya saruji iko mbele yake sakafuni, na mkewe amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Baba Meneja," mama akasema, "sasa ukifa tutakuzikia kwenye nini?"

"Nitakufa kiangazi," akajibu. "Hakunaga mvua."

Mama Meneja aliachia kiuno. Kisha akainua mfuko mmoja mwenyewe, akauweka begani, akatoka nao nje. Sijawahi kuona kumpenda mtu kuliko huko.

Kosa lililotokea baada ya hapo lilikuwa kosa la huku kwetu. Fundi pekee wa saruji aliyepatikana alikuwa mzee mmoja ambaye serikali ilimtumia kujenga majosho ya ng'ombe. Alikuwa hajajenga kitu kingine maisha yake yote. Aliambiwa ajenge mahali pa kukanyagia dawa kabla ya kuingia, akasema hiyo ndiyo kazi yangu. Tulikuwa kazini mchana, hatukumwona. Siku ya tano alituita.

Kulikuwa na njia nyembamba ya kuingilia, yenye nguzo na fito kila upande ili asiyetaka asigeuke. Kulikuwa na mteremko, kisha shimo refu lenye kina cha magoti, kisha ngazi pana za kwato za kupandia, na mwisho kabisa, mbele ya mlango wa ukumbi, uwanja mdogo wa sakafu wenye mfereji, ambapo aliyetoka shimoni angesimama ajikaushe na dawa irudi ndani isipotee.

Meneja alilizunguka mara mbili. "Mzee wangu," akasema kwa upole, "mimi niliomba karai."

"Mimi nimejenga majosho kumi na moja," fundi akasema. "Ulikuwa unataka karai, ungemwita mhunzi."

Saruji ilikuwa imekwisha na imekauka. Na hapo ndipo ungemjua Meneja. Mtu mwingine angelia. Yeye alikaa juu ya ukingo, akafikiri, akasema kwamba sharti linataka watu wakanyage dawa, na hapa watakanyaga mpaka magotini, kwa hiyo tumepita kiwango. Akatuma vijana watangaze Bunda yote na vijiji vya jirani kwamba Jumapili saa nane ukumbi unafunguliwa, na kwamba kuna josho jipya lenye dawa, kila atakayeingia atapita humo.

Tulifika Jumapili hiyo, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Foleni ilifika barabarani. Mabwana wamevaa suruali pana chini, wamezikunja mpaka magotini, viatu vya raizoni, vile vya soli nene, wamevishika mkononi. Akina mama wamefunga kanga juu ya magauni. Mmoja mmoja waliingia kwenye njia nyembamba, wakashuka shimoni, wakapiga yowe kwa ubaridi, wakapanda ngazi, wakasimama uwanjani wakidondoka. Dawa ilinuka mpaka machozi yalitutoka. Ndani tulikuwa tumeshapanga vyombo, nami nilikuwa nimekaa na tumba langu karibu na mlango nikitazama nje, na saa ilikuwa saba, lakini Bwana Afya alikuwa hajafika kutoka Musoma na bila sahihi yake hatuna ruhusa. Msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa siku iliyofuata.

Alifika kwa pikipiki, amechoka, kofia imejaa vumbi. Alisoma masharti yote na kuyatazama moja moja. Alitazama miduara. Alitazama ufito. Alitazama josho kwa muda mrefu sana, na Meneja akasimama wima pembeni yake kama mwanafunzi.

"Umefanya kazi kubwa, mzee," akasema. "Lakini kuna kitu nilipaswa kukuambia kule Musoma. Nimepewa orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kufunguliwa. Zahanati, kisima, mashine ya kusaga, josho la mifugo. Ukumbi wa dansi haumo. Nilidhani utaona masharti yenyewe utakata tamaa."

Mdomo aliyekuwa mlangoni alishusha mikono. Nilimwangalia Meneja nikaona anaikunja ile karatasi ya masharti mara nne, mtu mzima yule, na nikataka kumpiga Bwana Afya kwa mikono yangu ya tumba.

Ndipo tuliposikia kengele. Kutoka upande wa barabara alikuja mzee mmoja wa kijiji cha Mugeta, amevaa koti la mvua na jua lile, na mbele yake ng'ombe kumi na tisa. Foleni ikapasuka, watu wakakimbilia ukutani wakiwa na viatu mkononi.

"Josho ndiyo hii?" mzee akauliza. "Nimetembea tangu jana. Ya kwetu imekaukaga huu mwaka wa pili, dawa hamna. Ng'ombe zangu zinaisha na kupe."

"Baba," Meneja akasema, "hili ni la watu."

Mzee alitazama mabwana waliokuwa wamekunja suruali. "Kwani watu wana kupe?"

"Watu wana kipindupindu."

"Na chenyewe kinatokaga kwa josho?"

Meneja hakuwahi kusema uongo, basi akamgeukia Bwana Afya amjibie. Bwana Afya naye akamgeukia Meneja. Wakati wanatazamana, dume la mbele, jekundu, lenye nundu kubwa, liliiona njia ya fito na likafanya lile ambalo lilikuwa limefundishwa tangu ndama. Likaingia. Likashuka, likavuka maji hatua mbili, likapanda ngazi kwa adabu, likasimama uwanjani likisubiri likauke. Halikupiga yowe. Kisha likaona mlango uko wazi, likaingia ukumbini, likasimama katikati ya mduara wa chokaa. Mimi kwa hofu mkono ulianguka juu ya ngozi ya tumba, Gitaa Nene, macho yamefumbwa, akadhani tumeanza, akaingia naye.

Nje, ng'ombe kumi na wanane walikuwa wanapita kwenye josho kwa mstari ulionyooka, mmoja nyuma ya mwingine, muziki ukiwapigia. Fundi alikuwa anawahesabu huku akilia. Bwana Afya alitazama ng'ombe. Akatazama orodha yake. Akatoa kalamu.

"Mzee," akamwambia Meneja, "hapa unaendesha nini?"

"Ukumbi wa dan..."

"Nisikilize vizuri kwanza. Hii ni nini?"

Mama Meneja alimkanyaga mumewe mguu. "Ni josho," mama akasema. "Hujaona?"

Akaandika: *Josho. La muda. Lina muziki.* Akatia sahihi na muhuri, lakini akaongeza kwamba maji ya mifugo na maji ya watu ni mbalimbali, na kwamba josho likikosa kutumiwa na mifugo wiki moja, ruhusa imekufa. Saa nane kamili, dume likiwa limeshatolewa na maji yamebadilishwa, tulianza. Jumatatu walikuja watu wa ghala na kipande chao cha kufuli. Meneja aliwaonyesha karatasi ukutani. Pamba haiwezi kulazwa kwenye josho, hata wao walijua.

Tangu hapo kila Jumapili asubuhi mifugo ilipita, shimo likasuguliwa, maji yakabadilishwa, na mchana tukapita sisi. Bwana Mifugo akatuletea dawa ya kupe alipoipata. Kuna Jumapili mvua ilizuia wafugaji, na Meneja alikataa katakata kufungua mpaka tulipomkodi mbuzi wa jirani, tukampitisha, naye akatuuma wawili. Nilimwambia hakuna anayetuangalia, Meneja. Akasema, "Karatasi inatuangalia." Kipindupindu kiliisha, ruhusa ya kumbi ikarudi, na yeye bado alipitisha ng'ombe mwaka mzima zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwandikia kwamba josho limefungwa. Kwa hilo mzee wa Mugeta alimletea Meneja maziwa mpaka mzee huyo akafariki.

Miaka ilikwenda. Ikaja biashara huria, madukani kukajaa sabuni za kila rangi, na kanda na video zikafika mpaka vijijini. Kijana angelipia nini kutuona sisi watano tukitokwa na jasho, wakati bendi nzima inakaa kwenye redio moja? Mdomo alihamia Mwanza. Gitaa Nene aliingia kwaya. Kiwanda chetu kilipunguza watu, nami nikapata kazi kwa mnunuzi binafsi wa pamba, mtu wa haraka, mwenye magari mapya. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia maghala. Sharti lake lilikuwa moja: urefu usipungue mita ishirini.

Siku aliyonipa orodha ya majengo ya Bunda, niliuona ukumbi humo, na aliyeuleta kwenye orodha ni Meneja mwenyewe. Nilikwenda na futi ya utepe. Nilimkuta amekaa mlangoni na ile suti. Macho yalikuwa yameingiwa na ukungu, daktari wa Musoma alimwambia yanaweza kupasuliwa akipata nauli na gharama, na kodi ya ghala ndiyo ingelipia. Bati lilikuwa linavuja juu ya jukwaa. Alinitambua kwa hatua.

"Tumba," akasema. "Kumbe wewe ndiye uliyetumwa."

"Ni mimi, Meneja. Shikamoo."

"Marahaba. Fanya kazi yako, mwanangu."

Nilivuta futi ukuta hadi ukuta. Ilisoma mita ishirini na nne. Nilijua nikiandika hivyo, wiki ijayo kutakuwa na marobota mpaka kwenye bati. Basi nikatamka kwa sauti, kalamu juu ya karatasi, "Kumi na nane."

Meneja alinigeuzia sikio.

"Soma tena," akasema.

"Kumi na nane, Meneja. Bosi hataki chini ya ishirini. Nitamwambia hapafai." Nikashusha sauti. "Macho tutayatafutia njia nyingine. Tutachangishana, sisi wa bendi."

Aliinuka kwa shida. Alikuja akipapasa ukuta kwa kiganja, hatua kwa hatua, mpaka aliponifikia.

"Msingi huu niliuchimba kwa mkono wangu," akasema. "Ni ishirini na nne. Andika bati linavuja, hiyo ni kweli. Andika mlango ni mmoja, nayo ni kweli. Lakini ukumbi wangu usiuandike mdogo."

Akainama, akaitafuta ncha ya futi sakafuni kwa vidole, akaipata, akaibana kwenye kona ya ukuta kwa mikono miwili.

"Vuta," akasema. "Pima tena."

Nikapima tena, nikaandika ishirini na nne.